"NATUMA KAMA NILIVYOPOKEA" SI UDHURU MBELE YA ALLAH

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu yangu Muislamu, dada yangu katika imani, leo nina ugomvi na maneno matatu: "Natuma kama nilivyopokea." Umeyaona mara ngapi kwenye simu yako? Yanakaa juu ya habari ya mtu kuiba, juu ya picha ya binti wa watu, juu ya sauti ya mtu asiyejulikana anayemchafua mtu anayejulikana. Mwenye kuyaandika anadhani amejivua dhima. Anadhani Malaika wa kushoto akiyaona ataweka kalamu chini.

Hataweka. Na nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili usiseme shekhe anawasema watu akiwa juu ya mimbari.

Msikiti wetu una grupu la WhatsApp. Tulilianzisha kwa nia njema: nyakati za swala, taarifa za misiba, michango. Ndani tuko zaidi ya watu mia mbili. Usiku mmoja baada ya Isha ukaingia ujumbe wa sauti, umetoka grupu jingine, na msemaji hakuna aliyemtambua. Ulisema mzee mmoja wa kamati yetu, aliyekuwa anashika mchango wa mabati, amenunua pikipiki kwa fedha za msikiti. Haukufika hata dakika moja. Chini yake aliyeutuma akaandika yale maneno matatu.

Kwa dakika kadhaa grupu lilikuwa kimya. Watu wamesikiliza, hawajui waseme nini. Kila mmoja anasubiri mwingine. Kisha mtu wa kwanza akaandika. Mtu huyo alikuwa mimi. Niliandika: "Astaghfirullah. Allah atulinde na khiyana."

Sikumtaja mtu. Sikusema ameiba. Ukinipeleka kwa kadhi, maneno yangu ni dua. Lakini jiweke mahali pa maamuma: imamu wako amesikiliza sauti ile, na neno la kwanza kutoka kwake ni khiyana. Utaelewa nini? Mmoja akaweka alama ya machozi. Wa pili akaandika kwamba alikuwa anamshuku siku nyingi. Wa tatu akauliza mbona mtoto wake anasoma shule ya kulipia. Ilipofika saa tano usiku mzee yule alikuwa ameshahukumiwa, na waliomhukumu ni watu waliompa mkono baada ya Alfajiri ya siku ile ile.

Ukweli ulikuja baada ya siku nne. Risiti zote zilikuwa kwa katibu, mpaka ya misumari. Pikipiki ilikuwa ya mdogo wake, ya mkopo, inalipiwa kila wiki. Kilichohitajika ni mtu mmoja kumpigia simu katibu, na katibu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Ndugu yangu, tangu siku ile najiuliza swali moja. Lau ningeandika, "Ndugu zangu, ujumbe huu ufutwe, kesho tutamwuliza katibu," wale watu mia mbili wangefanya nini? Wangekubali. Naapa wangekubali. Ni watu wale wale, usiku ule ule, nyoyo zile zile. Walikuwa wanasubiri waonyeshwe njia, na mimi nikawaonyesha shimo.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike leo. Kundi halina moyo wake peke yake. Kundi huazima moyo wa mtu wa kwanza, wa pili na wa tatu. Na wewe, unayejiona ni mtu mdogo katika grupu kubwa, huenda leo usiku ukawa ndiye mtu wa kwanza.

Sasa tuzitazame nyudhuru zetu moja moja.

UDHURU WA KWANZA: "MIMI NI MTU MMOJA TU"

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Jarir bin Abdillah (r.a) kwamba walikuja kwa Mtume (s.a.w) watu wa kabila la Mudhar, mafukara, nguo zao zimechanika, na wengi wao miguu mitupu. Uso wa Mtume ukabadilika kwa kuwaonea huruma. Akaswalisha, akahutubu, akawahimiza watu watoe sadaka, hata kipande cha tende.

Sasa tazama kilichotokea, maana hapa ndipo penye somo. Watu walisitasita. Hawa ni Maswahaba, si mimi na wewe, na walisitasita mpaka ikaonekana usoni kwa Mtume kwamba hakuridhika. Ndipo akaja mtu mmoja wa Answari na mfuko wa fedha, mzito, mkono wake unakaribia kushindwa kuubeba. Akauweka. Akaja wa pili. Kisha watu wakafuatana, mpaka yakawa marundo mawili ya chakula na nguo, na uso wa Mtume ukang'aa.

Mtume (s.a.w) hakusema, "Watu wa Madina ni wakarimu," akaishia hapo. Alifundisha kwamba mwenye kuanzisha jambo jema katika Uislamu ana ujira wake na ujira wa watakaomfuata, bila wao kupunguziwa. Na mwenye kuanzisha jambo baya ana mzigo wake na mzigo wa watakaomfuata, bila wao kupunguziwa.

Mtu mmoja alibeba mfuko, na msikiti mzima ukasimama. Na katika hadithi nyingine, iliyo kwa Bukhari na Muslim, tunafundishwa kwamba hakuna nafsi inayouawa kwa dhulma ila mtoto yule wa kwanza wa Adam ana fungu lake katika damu hiyo, kwa sababu ndiye aliyeanza. Amekufa maelfu ya miaka, na hesabu bado inaandikwa. Wewe unasema umetuma kwa magrupu matano tu?

Na kama hadithi hazijakutosha, watazame wenye mtandao wenyewe. Mwaka 2018 huko India kulienea uvumi kwenye WhatsApp kwamba kuna wezi wa watoto wanazunguka vijijini. Watu wasio na hatia, wapita njia, waliuawa na makundi ya watu wenye hasira. Hakuna mtu mmoja aliyekaa akapanga mauaji yale yote. Kila mmoja aliusukuma tu mbele ujumbe aliopokea. Kampuni ikapunguza, ndani ya India, idadi ya mahali unapoweza kupeleka ujumbe kwa mara moja, ikawa matano. Januari 2019 ikaufanya mpaka huo kuwa wa dunia nzima. Aprili 2020, wakati wa korona, ujumbe uliokwisha kusambazwa sana ukazuiwa usiende zaidi ya mahali pamoja kwa mara moja.

Jiulize: kama kidole cha mtu mmoja hakina athari, wafanyabiashara wale walikuwa wanazuia nini? Wao hawakutafuta thawabu. Walijua tu kwamba moto ule unapita kidole kwa kidole.

Sisi tuliosoma madrasa zamani tunaikumbuka ile karatasi ya wasia wa "Shekhe Ahmad", mhudumu wa Msikiti wa Mtume Madina, aliyedaiwa kuota ndoto. Ukiinakili na kuisambaza utapata kheri, ukiipuuza utapata msiba. Shekhe Abdul-Aziz bin Baz aliiandikia makala nzima kuonyesha kwamba ni uzushi. Sisi watoto tuliinakili kwa mkono, na kalamu ikiisha wino tunaazima. Ilikuchukua mchana mzima kuwadanganya watu kumi. Leo unawadanganya mia mbili kabla chai haijapoa.

UDHURU WA PILI: "SI MIMI NILIYEANZISHA"

Huu ndio udhuru wa "natuma kama nilivyopokea". Na Allah ameshaujibu, katika Suratun Nur, kuanzia aya ya 11, katika kisa cha Ifk.

Unakijua kisa. Bi Aisha (r.a) alichelewa nyuma ya msafara, wakati wa kurudi kutoka vita vya Bani Mustaliq, akitafuta mkufu wake uliopotea. Swafwan bin Muattal (r.a) akamkuta, akampandisha ngamia wake, yeye akatembea akimwongoza ngamia mpaka wakalifikia jeshi. Mnafiki Abdullah bin Ubayy akapata alichokitaka. Mji wa Madina ukawaka kwa karibu mwezi mzima, na mwenyewe Bi Aisha ni mgonjwa, hajui kinachosemwa.

Aliyeanzisha alikuwa mnafiki. Lakini waliotajwa kuyabeba maneno yale walikuwamo Waislamu wa kweli: Hassan bin Thabit, mshairi wa Mtume. Mistah bin Uthatha, aliyepigana Badri. Hamna bint Jahsh. Hawakutunga. Walipokea, wakapeleka. Na Qur'ani imesemaje juu yao? Katika aya ya 11 imebainisha kwamba kila mmoja wao ana dhambi yake aliyoichuma, na yule aliyebeba sehemu kubwa ana adhabu kubwa. Umeona hesabu inavyofanywa? Mwanzilishi ana yake, kubwa. Wewe mpelekaji una yako. Hamgawani moja. Kila mtu anaandikiwa ya kwake.

Kisha aya ya 15 imeeleza jambo ambalo kila nikilisoma nashika simu yangu kwa woga. Imewaeleza kuwa waliyapokea maneno yale kwa ndimi zao. Maneno si hupokewa kwa masikio? Kwa masikio, ndiyo, kisha yapite kwenye akili, ndipo yafike ulimini. Hawa yaliingia na kutoka papo hapo, sikio na akili havikupata nafasi. Ndugu yangu, huo ndio usambazaji wetu wa leo. Ujumbe unaingia, kidole kinabonyeza, na sauti yenyewe hujaimaliza kuisikiliza.

Lakini katika mji ule ule walikuwako watu wengine. Abu Ayyub (r.a) alipoulizwa na mkewe kama ameyasikia yanayosemwa, alimwambia ni uongo, kisha akamwuliza: je, wewe ungeweza kulifanya jambo hilo? Mkewe akasema hapana. Akamwambia basi Aisha ni bora kuliko wewe. Yakaishia pale pale, mlangoni kwao.

Na Bi Zainab bint Jahsh (r.a), mke mwenza wa Bi Aisha! Bi Aisha mwenyewe amesimulia kwamba Zainab ndiye aliyekuwa akishindana naye kwa cheo mbele ya Mtume. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kunyanyua kidole ni yeye. Mtume alipomwuliza, alikataa kuchafua masikio na macho yake, akasema hajui kwa Aisha ila kheri. Na Hamna, aliyeyasambaza maneno, alikuwa dada yake wa damu. Nyumba moja, baba mmoja, habari moja. Mmoja akaibeba, mmoja akaizika. Usiniambie tena kwamba mazingira ndiyo yaliyokusukuma.

UDHURU WA TATU: "MIMI SIKUSEMA NENO"

Huu ni udhuru wa wengi. "Shekhe, mimi niliweka alama tu." "Shekhe, mimi niliona nikanyamaza."

Alama ya kicheko chini ya aibu ya mtu ni kura, na watu wanaihesabu. Yule aliyekuwa anasitasita anaona vicheko kumi, anaona haya kuwa wa kumi na moja asiyecheka.

Na kunyamaza? Miaka ya 1950 huko Marekani alikuwako msomi aliyeitwa Solomon Asch. Aliwaweka watu chumbani na kuwaonyesha mistari, waseme upi una urefu sawa na mstari mwingine. Swali la mtoto wa chekechea. Lakini wote waliomo, isipokuwa mmoja, walikuwa wamepangwa watoe jibu la uongo. Yule mmoja asiyejua mpango akawasikia wenzake wote wakisema uongo kwa utulivu. Katika majibu ya watu wa namna hiyo, karibu theluthi moja yalifuata uongo wa kundi, na macho wanayo! Kisha Asch akabadilisha jambo moja: katika wale waliopangwa akamweka mmoja aseme kweli. Mmoja tu. Kufuata uongo kukashuka mpaka karibu robo ya pale.

Sikukuletea mzungu huyu kwa kuwa dini yetu imepungukiwa. Jambo hili lilikwisha kuonekana Hudaibiya. Mkataba ulipoandikwa, Mtume (s.a.w) aliwaamuru Maswahaba wachinje na wanyoe. Hakuna aliyesimama. Akasema mara tatu, na bado. Walikuwa na huzuni, na kila mmoja anamwona mwenzake amekaa. Akaingia kwa Bi Ummu Salama (r.a), na mama yule akampa rai: toka, usiseme na mtu yeyote, chinja mnyama wako, umwite kinyozi wako akunyoe. Akatoka, akafanya. Walipomwona, wote wakainuka, wakachinja, wakanyoana kwa haraka mpaka ikawa kama wataumizana. Amri iliyotamkwa mara tatu haikuwainua. Kitendo cha mmoja mbele ya macho yao kiliwainua wote.

Kwa hiyo grupu likiwaka, usiandike hutuba ndefu. Andika mstari mmoja: "Mimi silijui hili, na sitalibeba." Kisha tazama. Ataibuka wa pili aliyekuwa amejificha nyuma ya ukimya wako.

"SHEKHE, UNATAKA TUWAFICHE WEZI?"

Najua swali hili linakuja, na ni haki liulizwe. Wapo wanaokula mali za misikiti na za mayatima. Wapo wanaodhulumu wake zao. Sisemi tukae kimya. Anayenichukua kwa maneno yangu akamfunika dhalimu, mimi simo.

Ninachosema ni hiki: lipeleke jambo panapoweza kutengenezwa. Suratun Nisaa, aya ya 83, imewalaumu wanaoitangaza habari ya amani au ya khofu mara tu inapowafikia, na ikaonyesha kwamba lau wangeirudisha kwa Mtume na kwa wenye madaraka, wenye uwezo wa kuichunguza wangeujua ukweli wake. Una shaka na mweka hazina? Kuna kamati, ina daftari. Umeibiwa? Kuna polisi. Mtoto ameharibiwa? Usiende grupuni hata kidogo, nenda polisi na hospitali siku hiyo hiyo, kabla ushahidi haujapotea. Grupu halina hakimu, halina daftari, halina daktari. Lina watu mia mbili wenye bando.

Na wewe unayejiita mwenye kukataza maovu, jipime kwa kipimo hiki: mtu akidhihirika hana kosa, utafurahi au utasikia kama umenyang'anywa kitu? Ukisikia umenyang'anywa, ile haikuwa ghera ya dini.

TUFANYE NINI?

Sisi msikitini kwetu tumekubaliana mambo matatu, na unaweza kuyachukua.

La kwanza, habari yoyote inayotaja mtu kwa ubaya haiingii grupuni. Anayo anayemjua mhusika? Ampigie yeye kwanza.

La pili, ikiingia kwa bahati mbaya, admini anaifuta bila mjadala, na aliyeileta anaambiwa faraghani, si mbele ya watu. Tusitibu aibu kwa aibu.

La tatu, na hili ni langu mimi na wenzangu tunaoitwa mashekhe, maustadhi, wazee, walimu: tusiwe wa kwanza kuandika tukiwa hatujui. Neno lako lina uzito usioujua. Wewe unadhani umetoa maoni, watu wamepokea fatwa.

Na kabla hujabonyeza, kumbuka mafundisho ya Mtume (s.a.w), aliyoyapokea Imamu Muslim, kwamba yamtosha mtu kuwa muongo kwa kusimulia kila analolisikia. Hakusema "kila analolitunga". Analolisikia. Umepokea, ukatuma. Umeingia.

Nimalizie habari ya yule mzee. Ijumaa iliyofuata nilisimama baada ya swala nikasema mbele ya watu kwamba nilikosea, na kwamba fedha ziko sawa. Nikaandika hivyo hivyo grupuni. Alama za machozi zilikuwa chache safari hii. Kusafisha hakuna utamu wa kuchafua, ndugu yangu, na ile sauti ilikuwa imeshafika magrupu nisiyoyajua, kwa watu ambao toba yangu haitawafikia mpaka Kiyama.

Nikaenda nyumbani kwake. Alinikaribisha, akanipa kahawa. Akaniambia: "Shekhe, mimi nimekusamehe. Lakini mama watoto vitumbua vyake vimelala siku nne. Na yeye umwombe msamaha, maana yeye hakuwa hata kwenye grupu." Nikamwomba. Alinijibu kwa heshima, bila kuninyanyulia macho.

Mzee sasa anaswali msikiti wa mtaa wa pili. Mabati yale aliyoyanunua yapo juu ya vichwa vyetu, na mvua ikinyesha nayasikia nikiwa mihrabuni.

Kwa kawaida makala kama hii humalizika kwa kukuomba usambaze upate thawabu. Mimi sikuombi. Nakuomba ufungue simu yako sasa hivi, utafute ujumbe mmoja uliowahi kuupeleka juu ya mtu usiyemjua kwa yakini, uufute, kisha uwaandikie wale uliowapelekea: "Lile silijui. Nilikosea." Ukiona ni zito, basi ujue uzito huo ulikuwepo tangu mwanzo.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyabeba kwa ndimi na kwa vidole vyetu. Waponye tuliowajeruhi tukiwa hatuwaoni. Tufanye kuwa funguo za kheri na makufuli ya shari. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.